Wafunga Mwezi wa Kipawa

Ndege imetua Dar es Salaam saa saba na dakika arobaini usiku, tarehe 1 Agosti. Abiria wake ni wa mwezi gani? Mlinzi wa getini atakujibu bila kufikiri kwamba ni wa Agosti, maana Julai imekwisha tangu saa sita usiku. Ukifungua daftari la mnara wa kuongozea ndege, utakuta ndege hiyohiyo imeandikwa 22:40, tarehe 31 Julai. Hakuna aliyekosea. Waongoza ndege wa dunia nzima hutumia saa moja ya kimataifa, na saa hiyo iko nyuma ya yetu kwa saa tatu. Na kwa kuwa ndege kadhaa za masafa marefu huingia Dar usiku, kitendawili hiki hurudi karibu kila mwezi unapokwisha.

Wa kukitegua ni karani wa takwimu, yule anayefunga hesabu za mwezi. Uamuzi wenyewe si mgumu: chagua saa moja, andika chini ya jedwali kwamba umeitumia hiyo, kisha usiibadili mwezi ujao kwa sababu namba imetoka ndogo kuliko bosi alivyotarajia. Ugumu wote uko kwenye hilo la mwisho.

Kila mwezi viwanja vya ndege vya nchi hii huzaa namba kubwa tatu: abiria, miruko ya ndege na tani za mizigo. Viwanja vya Bara viko chini ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Tanzania, iliyoanzishwa 1999. Zanzibar ina mamlaka yake, na Mamlaka ya Usafiri wa Anga husimamia usalama na uongozaji wa ndege. Karatasi hupita meza nyingi, na mwisho wake gazeti huandika sentensi moja: abiria wameongezeka kwa asilimia kadhaa. Sentensi hiyo nimeisoma miaka mingi bila kujua kwamba nyuma yake kuna ufundi, na kwamba ufundi huo una mafundi wazuri na wabovu, kama useremala.

Mtu wa Bunju au Tegeta, huko Kinondoni, anaweza kumaliza wiki asiinue kichwa kutazama ndege. Kwetu Yombo, Temeke, uwanja uko ng'ambo ya reli ya TAZARA na ndege ni wanamtaa. Mwalimu hunyamaza katikati ya sentensi mpaka ipite, kisha huendelea palepale alipoachia. Kwa hiyo kila mmoja wetu ni mtaalamu wa anga. Kijiweni utaambiwa ndege zimezidi, au zimepungua, au shirika fulani limefilisika, na ushahidi ni masikio.

Aliyenitoa huko ni mzee mmoja wa mtaani, mstaafu aliyekaa miaka mingi na majedwali ya usafiri wa anga. Ilikuwa Januari, joto la kaskazi limeshika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Za kulala?"

"Kulala wapi, mzee? Ndege zimezidi mwezi huu."

"Umezihesabu?"

"Nazisikia."

"Basi umesikia upepo," akasema, akarudia kahawa yake.

Alikuwa na maana ya moja kwa moja. Njia kuu ya kurukia pale uwanjani imelala kutoka kusini magharibi kwenda kaskazini mashariki, ndiyo maana ncha zake zimepewa namba 05 na 23, yaani nyuzi 50 na nyuzi 230 za dira kwa kukadiria. Ndege hutua na kuruka zikiukabili upepo. Kaskazi ikivuma, ndege huingia kwa upande wa Pugu na kuruka kuelekea Kiwalani, Vingunguti na mjini. Upepo ukigeuka, kazi nayo hugeuka: waliokuwa wakisikia mngurumo wa kuruka husikia mluzi wa kutua, na waliokuwa na kelele hupata nafuu. Idadi ya ndege inaweza kubaki ileile siku hiyo na mitaa miwili ikatoa ushahidi unaopingana. Sikio husikia umbali na upepo. Idadi hulipita.

Tangu hapo nilianza kumdadisi juu ya kazi yake, naye, kama walivyo mafundi wengi, hakutaka kuzungumzia matokeo makubwa. Alitaka kuzungumzia karatasi moja.

Tuseme ni Q400 ya Air Tanzania, ndege ya pangaboi yenye viti 76, inatoka Dar kwenda Mwanza. Orodha ya abiria inaonyesha watu 79. Karani mgeni ataona kosa na kuisahihisha iwe 76, akiamini amefanya kazi. Karani mzoefu hutazama kwanza safu ya watoto wachanga, na hapo anawakuta watatu, wa chini ya miaka miwili, waliopakatwa na mama zao. Viti 76, watu 79. Anageukia karatasi ya ada ya huduma kwa abiria, ile shilingi 10,000 ya safari za ndani inayokatwa ndani ya tiketi. Huko anakuta 76, kwa sababu mtoto mchanga halipishwi. Na daftari la mnara haliwajui abiria kabisa. Limeandika mruko mmoja. Karatasi tatu, namba tatu, zote sahihi. Kazi ya karani ni kujua kila karatasi ilizaliwa kujibu swali gani, na kutoilazimisha ijibu swali la mwenzake.

Jioni ya kufunga mwezi, karatasi hizo huwa mamia, na jumla mbili zinazopaswa kulingana hukataa. Tofauti ni 270. Mzee alinieleza kwamba kabla ya kurudia chochote alikuwa akiigawanya tofauti hiyo kwa tisa. Hapa inatoka 30, bila baki. Bado hajui kosa liko wapi, lakini sasa ana fununu nzuri ya kinachotafutwa: kuna mahali tarakimu mbili zilizo jirani zimepishana, pengine 1,254 imeandikwa 1,524. Tarakimu jirani zikipishana, tofauti hugawanyika kwa tisa siku zote. Ni tabia ya namba, na wahasibu wa zamani waliijua kabla ya kompyuta kufika mezani. Tofauti isipogawanyika kwa tisa, anatafuta kitu kingine: karatasi iliyoanguka nyuma ya kabati au safari iliyoingizwa mara mbili. Ikiwa tofauti ni 132, anakwenda kwanza kwenye safari za Airbus A220, kwa kuwa A220 za Air Tanzania zina viti 132, na huenda moja iliyojaa imesahaulika.

Nikamuuliza kwa nini wasiiachie kompyuta. Akanijibu kwamba kompyuta hujumlisha vizuri sana ulichoipa. Ukiipa 1,524 itaijumlisha kwa uaminifu mkubwa.

Baada ya karatasi ndipo inakuja kanuni, na hapo ndipo wasomaji wengi tunapopotelea. Mama mmoja anatoka Dar kwenda Mwanza kumwona binti yake aliyejifungua. Uwanja wa Dar unamwandika kuwa amepanda. Uwanja wa Mwanza unamwandika kuwa ameshuka. Ukijumlisha viwanja vyote vya nchi, mama huyo amekuwa abiria wawili, na akirudi nyumbani amekuwa wanne, ingawa ni mtu mmoja mwenye kitenge kimoja na ndoo moja ya dagaa. Aliyetoka Dar kwenda Dubai na kurudi amehesabiwa mara mbili tu, kwa kuwa nusu ya hesabu yake imebaki kwa wenzetu wa Dubai. Kwa hiyo safari za ndani zikiongezeka, jumla ya taifa huvimba haraka kuliko zikiongezeka za nje, hata kama waliosafiri ni watu walewale kwa idadi. Hakuna udanganyifu hapo. Kila uwanja unaeleza kazi uliyoifanya: umemhudumia mtu akipanda, umemhudumia akishuka.

Abiria anayebaki kitini wakati ndege yake imepitia Kilimanjaro kuja Dar huhesabiwa Kilimanjaro mara moja. Anayeshuka Dar na kupanda ndege nyingine kwenda Songea huhesabiwa Dar mara mbili, akishuka na akipanda. Taratibu hizi hazikutungwa Kipawa, ulipo uwanja wa Dar. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, lililotokana na Mkataba wa Chicago wa 1944, ndilo linaloelekeza nchi wanachama namna ya kuandika, ili abiria wa Dar aweze kulinganishwa na abiria wa Nairobi au Addis Ababa. Karani wa Kipawa akiongeza utundu wake, hata wenye nia njema, ameharibu jedwali la watu asiowajua.

Miruko nayo ina mitego yake. Ndege ndogo za Cessna Caravan, zinazobeba abiria 12 au 13, hukimbia kati ya Dar na Zanzibar mchana kutwa. Kila kutua ni mruko, kila kuruka ni mruko. Dreamliner ya Air Tanzania ina viti 262. Ikijaa, imebeba watu ambao Caravan ingehitaji safari zaidi ya 20 kuwavusha. Kwa hiyo mwezi unaweza kupita miruko ikipungua na abiria wakiongezeka, na mwenye haraka akatangaza kwamba usafiri wa anga unadorora. Fundi huiweka mistari miwili pamoja na kugawanya abiria kwa miruko. Jibu humwambia ndege zinakuwa kubwa, au zinajaa, au zinaruka nusu tupu.

Pwani hii si ngeni kwa hesabu ya misimu. Mabaharia wa zamani waliugawa mwaka wao wa jua kwa miongo, kila mwongo siku kumi, wakihesabu tangu Nairuzi, mwaka mpya wao, na walijua ni katika miongo ipi majahazi yaingie na kaskazi kutoka Uarabuni na ipi yaondoke na kusi. Hakuna nahodha aliyelalamika kwamba bandari imekufa kwa sababu majahazi yamekwenda zao na kusi. Alijua yatarudi na kaskazi, na bandari aliipima kwa kaskazi ya mwaka uliopita.

Karani wa uwanja wa ndege hufanya vivyo hivyo. Aprili na Mei, masika ikinyesha, watalii hupungua. Kambi kadhaa za mbugani hufunga, na hoteli za pwani hushusha bei. Julai na Agosti Wazungu wako likizo, nyumbu wako kaskazini mwa Serengeti wakivuka Mto Mara, na Zanzibar imejaa. Desemba kuna wimbi jingine. Anayelinganisha Mei na Aprili, au Julai na Juni, anapima mvua. Kanuni ya kwanza ya kazi hii ni kulinganisha mwezi na jina lake: Julai kwa Julai, Mei kwa Mei.

Kanuni ya pili ni kwamba kila uwanja una kalenda yake. Mafia hupata wageni wa papa potwe kuanzia Oktoba hadi Machi. Mtwara huchangamka minada ya korosho inapoanza, Oktoba. Dodoma huwa na msimu wake wa Aprili hadi Juni, Bunge la bajeti linapokaa, wakati uleule ambao Zanzibar inahesabu vyumba vitupu. Ukizijumlisha zote kwenye mstari mmoja wa taifa, shimo la mmoja hufukiwa na kichuguu cha mwingine, na unapata mstari mzuri ulionyooka usiomweleza meneja wa uwanja wowote jambo lolote.

Kisha kuna miezi yenyewe, ambayo haikukatwa sawasawa. Februari ya siku 28 ikifuata Januari ya siku 31, hesabu hushuka karibu asilimia 10 hata kama kila siku imebeba abiria walewale. Februari 2024 ilikuwa na siku 29. Ilipata ongezeko la zaidi ya asilimia 3 juu ya Februari 2023 bila mtu yeyote kununua ndege. Dawa yake ni nyepesi: gawanya kwa siku, zungumza kwa wastani wa siku. Sijui kwa nini hatufundishwi hili darasa la saba.

Zinazosumbua zaidi ni sikukuu zinazohama. Pasaka ya 2024 ilikuwa Machi 31; ya 2025 ilikuwa Aprili 20. Msafara wa Pasaka ukahama mwezi mzima, na anayelinganisha Machi na Machi bila kutazama kalenda ya kanisa atadhani kuna jambo baya limetokea. Hija nayo hufuata mwezi wa Mfunguo Tatu, ambao kila mwaka hurudi nyuma kwa siku kama 11 kwenye kalenda ya ukutani. Arafa ilikuwa Juni 27 mwaka 2023, Juni 15 mwaka 2024 na Juni 5 mwaka 2025. Safari za mahujaji kwenda Jeddah zinasogea hivyohivyo kutoka Juni kuingia Mei, na katika miaka kama 33 zitakuwa zimezunguka miezi yote. Karani wa Dar, mji ambao adhana na kengele husikika mtaa mmoja, hawezi kufanya kazi hii kwa kalenda moja. Mzee aliniambia mezani kwake zilikuwa tatu: ya serikali, ya msikiti na ya Bunge.

Njia nyingine ya kuukwepa msimu ni kujumlisha miezi 12 mfululizo, halafu kila mwezi mpya unapoingia unautoa ule wa zamani kabisa. Kila jumla ina masika moja, Krismasi moja, Agosti moja. Kinachobaki kikipanda au kushuka ndicho mwelekeo wenyewe. Ni hesabu ya mtoto wa shule, ila inahitaji kitu ambacho ofisi nyingi hazina: miezi 24 iliyofungwa vizuri, bila pengo, kwa kanuni ileile. Mwezi mmoja uliokisiwa huichafua jumla kwa mwaka mzima kabla haujatoka.

Halafu ukaja 2020. Tarehe 12 Aprili Tanzania ilisimamisha ndege za abiria za kimataifa kwa sababu ya korona. Tarehe 18 Mei ikazifungulia. Kwa mfunga mwezi, hiyo ilikuwa Aprili yenye siku 11 za anga wazi na 19 za anga iliyofungwa, na Mei yenye siku 17 za kufungwa na 14 za wazi. Mizigo iliruhusiwa, kwa hiyo ndege za kimataifa ziliendelea kuonekana kwenye daftari la mnara wakati safu ya abiria wa kimataifa ikikauka. Safari za ndani hazikufungwa. Aliyekuwa na safu moja tu ya "jumla" hakuweza kueleza kilichotokea. Aliyekuwa amezitenga tangu mwanzo alieleza kwa mstari mmoja.

Ubaya wa 2020 ulikuwa unaingoja 2021. Chukua namba za watalii walioingia nchini, ambazo ni tofauti na za abiria maana mtalii anayepitia mpaka wa Namanga huja kwa gari, lakini zinafundisha somo lilelile. Mwaka 2019 waliingia 1,527,230. Mwaka 2020 wakawa 620,867. Mwaka 2021 wakawa 922,692. Ukisema 2021 imepanda kwa karibu asilimia 49, umesema kweli tupu na unastahili makofi. Ukisema 2021 bado iko chini ya 2019 kwa karibu asilimia 40, nayo ni kweli tupu, na ukumbi utanyamaza. Mwaka 2022 waliingia 1,454,920, bado pungufu. Ni 2023 ndiyo iliyopita, kwa 1,808,205, na 2024 ikafika 2,141,895. Mafundi wazuri, hapa na kwingineko duniani, waliendelea kuishika 2019 kama kipimo kwa miaka mitatu, wakati wengine wameanza kushangilia. Kuchagua mwaka wa kulinganisha ni mahali ambapo uaminifu wa mtu hupimwa, kwa kuwa hapo anaweza kudanganya bila kuandika namba hata moja ya uongo.

Kitu kilichonivutia kuliko vyote ni pambizo. Mzee alisema jedwali zuri lina maandishi madogo pembeni, yaliyoandikwa mwezi uleule jambo lilipotokea, si miaka mitano baadaye kwa kukumbuka. Novemba 2012 pembeni kungeandikwa kwamba shirika la Fastjet limeanza kuruka Dar kwa nauli za chini. Desemba 2012, uwanja wa Songwe umefunguliwa. Septemba 2016, Q400 mbili mpya za Air Tanzania zimefika. Desemba 2018, Fastjet imesimama. Julai 2024, treni ya umeme ya SGR imeanza kubeba abiria hadi Dodoma. Agosti 2025, mashindano ya soka ya CHAN yamefunguliwa Uwanja wa Benjamin Mkapa, hapahapa Temeke. Bila maandishi hayo, mchambuzi wa kesho ataona mstari umeruka au umeanguka na atabuni sababu yake mwenyewe. Watu hawakosi sababu, hukosa tarehe.

Na kila Julai, pembeni kuna Sabasaba. Maonyesho ya Barabara ya Kilwa huleta wafanyabiashara kutoka nje, nasi wa Temeke tunajua kwa foleni. Ila kwa kuwa yako mwezi uleule kila mwaka, fundi hayaandiki kama tukio. Ni sehemu ya Julai, na Julai hulinganishwa na Julai. Kujua kipi uandike pembeni na kipi ukiache ndani ya msimu wake ni nusu ya kazi.

Mtu anaweza kuuliza kuna faida gani ya kuchekecha hivyo kwa ajili ya abiria 79 au 76. Jibu liko barabarani, ukitoka Tazara kwenda Banana. Jengo la Pili la uwanja wa Dar es Salaam, lililochorwa na Mfaransa Paul Andreu na kufunguliwa 1984, lilikusudiwa abiria milioni 1.5 kwa mwaka. Mistari ya mwezi kwa mwezi ndiyo iliyosema kwamba litafurika, na ndiyo iliyotoa hoja ya Jengo la Tatu, lililofunguliwa Agosti mosi 2019 kwa uwezo wa abiria milioni 6. Idadi ya madirisha ya uhamiaji, urefu wa mkanda wa mizigo, vyoo, taa, zamu za waongoza ndege, vyote vimeanzia kwenye jedwali la mtu aliyekuwa akigawanya kwa tisa.

Na ardhi pia. Mstari unapopanda, uwanja hutanuka, na uwanja ukitanuka kuna ukuta wa mtu mbele yake. Wakazi wa Kipawa, Kigilagila na Kipunguni wanalijua hili kuliko mimi: upanuzi uliwadai mahali pao, na suala la fidia lilikaa miaka mingi, likifika hadi bungeni. Makadirio yaliyozidishwa kidogo humwondoa mtu bila sababu. Yaliyopunguzwa humfanya aondolewe mara ya pili. Ndiyo maana siwezi tena kuiona kazi ya karani huyu kama kazi ya ofisini tu. Kila abiria aliyehesabiwa mara mbili pasipostahili ana hatua chache za kiwanja cha mtu.

Ninachokisifu, basi, si akili kubwa. Hesabu zake ni za kujumlisha, kutoa, kugawanya. Ni tabia: kuandika kanuni kabla ya kuhesabu, kukataa kuibadili mwezi mbaya unapokuja, na kufunga mwezi ambao hakuna atakayeuulizia kwa uangalifu uleule wa mwezi ambao waziri anausubiri. Mei haina mashabiki, na ni Mei iliyofungwa vizuri inayofanya Agosti iaminike.

Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zimepangiwa kuandaa AFCON. Namba zikipanda katika mwezi wa mashindano, zitatangazwa kwa mbwembwe, na ni haki yake, wageni ni wageni. Mwaka utakaofuata mwezi huohuo utalinganishwa na ule wa mashindano, nao utaonekana umeanguka. Atatokea mtu kijiweni kwetu kusema anga imekufa, na gazeti huenda likamuunga mkono. Hapo mwandishi akipiga simu Kipawa, na mfunga mwezi akiwa ni yule fundi ninayemsema, jibu litakuwa tayari pembeni mwa jedwali, limeandikwa mwaka mzima kabla swali halijaulizwa.